Kondoo Wekundu wa Hezekiah

Waithira alikuwa msichana mdogo wa shule ya msingi wakati baba yake, Hezekiah, alipouza kipande chake cha shamba la chai kule Kianyaga na kuihamishia familia Naro Moru. Ardhi ya Kianyaga ilikuwa imegawanywa kati ya ndugu wengi hadi ikawa haitoshi. Ya Naro Moru ilikuwa pana, lakini kavu.

Kondoo wa sufu aliowanunua kwanza walikufa, wengine kwa minyoo, wengine kwa kiangazi. Hezekiah hakukata tamaa. Alishuka Laikipia akanunua dume jekundu kwa Wamaasai, akalipandisha kwa majike machache yaliyosalia. Tangu hapo, mwaka baada ya mwaka, alichagua mwenyewe ni mwana-kondoo yupi wa kubaki zizini. Hatimaye akapata kundi la kondoo wekundu wenye miguu mirefu, waliostahimili ukame na bado wakanona. Majirani walikuwa wakija kuomba dume la mbegu.

Haikushangaza basi kwamba Waithira, alipofika chuo kikuu, alifanya utafiti kuhusu familia zilizohama kutoka miteremko yenye mvua kwenda nyanda kavu, jinsi zilivyochagua kondoo wa kufuga, na ni nani nyumbani aliyekuwa na kauli ya mwisho. Alibuni mbinu. Angeketi na familia, wataje mambo yote wanayoyajali, kisha awaulize mawili mawili: kati ya hili na lile, lipi lina uzito zaidi? Mwishoni angepiga hesabu, na uamuzi ungejitokeza wenyewe. Mbinu hiyo ilimpatia shahada ya uzamifu na kazi ya kufundisha chuoni mjini Nyeri.

Hezekiah alipofariki, mama yao, Wakonyo, akabaki peke yake na kondoo, magoti yakimsumbua. Mwai, kaka yake Waithira, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Nanyuki, alitaka waajiri mchungaji, mama asiondolewe. Waithira akasema jambo zito kama hilo halifai kuamuliwa kwa hisia. Akaketi na mama yake mezani, palepale Naro Moru, akaanza kumuuliza.

"Kati ya kuwa karibu na hospitali na kuwa karibu na majirani, Mami, gani ina uzito zaidi kwako?"

Wakonyo alimtazama kidogo. "Wewe unaonaje?"

Waithira alimwambia ajibu mwenyewe, maana maisha ni yake. Mama akasema hospitali. Waliendelea hivyo hadi mwisho, na kila mahali kondoo walipotajwa, waliangukia chini. Hesabu ikaonyesha kwamba ahamie Nyeri. Kondoo wakauzwa kwa wachinjaji, shamba likakodishwa kwa mkulima wa vitunguu, na Wakonyo akahamia kwa binti yake, orofa ya tatu.

Hakulalamika hata siku moja. Alikwenda kanisani, akarudi, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Jioni moja, wakichambua maharagwe, Waithira alimuuliza kama amezoea mji. Mama akajibu kuwa mahali ni pazuri. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Baba yako pia aliniuliza vile uliniuliza pale mezani, tukitoka Kianyaga. Kama nataka kuhama. Yeye alikuwa ameshaamua, nikasema nataka. Na wewe ulikuwa umechoka na mambo ya mazishi. Niliona vile ulikuwa unataka niseme."

Sura nzima ya tasnifu ya Waithira ilihusu jambo hilohilo: wanawake waliojibu kile walichodhani muulizaji anataka kusikia. Sura hiyo ndiyo iliyosifiwa zaidi. Mama yake alipomjibu mezani kule Naro Moru, Waithira hakuikumbuka.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa jirani yao wa zamani, Ngugi, aliyewahi kununua majike mawili kwa Hezekiah, akitumaini uzao wao bado upo. Ngugi alimpokea vizuri, akampa chai, akamwambia alikuwa ameleta dume la Dopa, aina ya kondoo wa nyama, kwa sababu ndilo linalotakiwa sokoni, na majike yale yalishazeeka akayauza. Waithira alizunguka zizini muda mrefu. Alikuwa amepima kondoo wa familia za watu kutoka Kieni hadi Timau, akachukua damu yao na kuandika ukoo wao. Wa baba yake hakuwapima kamwe, kwa kuwa walikuwa wa nyumbani na angewapata wakati wowote.

Aliporudi alimwambia mama yake kwamba mkataba wa shamba ukiisha wanaweza kumrudisha, wakatafuta kondoo wengine.

"Kondoo wengine ni wengine," Wakonyo alisema. "Na mimi sasa siwezi kuanza." Akauliza kama wa Ngugi wana afya.

"Wamenona sana, Mami."

"Na rangi?"

"Weupe, kichwa cheusi."

Mama aliitikia kwa kichwa, akauliza kama Ngugi alituma salamu kwa mtu yeyote. Waithira akasema ndiyo, alimsalimu yeye Mami, ingawa Ngugi hakuwa amempa salamu zozote.