Nilimuandika Mama Mukwe, Nikamuruka Bibi Yangu

Bandugu, ba mama, na nyinyi batoto munakaa pale nyuma munajifanya hamusikie, mukaribie. Leo sikuleta hadithi ya uongo. Nimeleta ya kweli, na nitaongeza chumvi kidogo tu, sawa ile ya kupikia harusi.

Mimi njo nilikosa. Si bibi yangu mwenye nilimuoa, si munganga wa hospitali, si avoka, si serikali ya Uganda. Ni mimi na hii mudomo yangu. Jina naliacha, hata kama batu ya Base Camp, mutaa yetu ya kambi ya bakimbizi, batanitambua mbele nimalize kukohoa. Sikusoma. Huyu mwenye ananiandikia nimemwambia: andika vile nasema, usininyooshe.

Basi, ile mwaka avoka moja, mutu wa sheria, alitoka Mbarara akakuja kutufundisha hapa kambini, chini ya shitingi, ile turubai ya plastiki. Alisema mutu anaweza kuwa mzima, anapumua, lakini akili yake ikalala. Pengine ni ajali, pengine homa, pengine uzee. Kwa hiyo, wakati akili ingali, unachagua mutu mwenye atasema na kusaini ju yako, ju ya mali na ju ya mwili. Kwetu Kongo tunaiitaka prokirasio. Hapa Uganda banaiita powa ya atoni. Akasema kuna karatasi zingine, akili yako ikilala, nazo zinalala. Hii yake, akili ikilala, yenyewe njo inaamka.

Nilipenda ile kitu. Nilikuwa na nguruwe moja mukubwa, akikohoa hapa, batu ya Rugaaga kule mbali banaingiza nguo ndani banafikiri ni mvua. Na tena nilikuwa na ngiri, ile uvimbe ya pale chini kwa paja. Ilikuwa ya siku mingi. Ikitoka naisukuma na mukono inarudi ndani, sawa mutu anarudisha kuku mu nyumba. Nikasema, mutu wa mali na wa ugonjwa ni mimi, karatasi hii ni yangu.

Avoka akauliza, unamuandika nani?

Mama Neema, bibi yangu, alikuwa amekaa karibu na mimi. Alikuwa amekwisha kunyoosha kitenge yake, anasafisha koo ya kusema nimekubali. Na alistahili, nawaambia. Siku tulikimbia Kivu ya Kusini, yeye alibeba mutoto mugongoni na sufuria kichwani. Mimi nilibeba redio. Redio yenyewe ilikuwa imekufa.

Nikafungua mudomo nikasema, “Andika mama mukwe.”

Eh! Batu balicheka mpaka shitingi ikapanda juu sawa puto.

Kwa mwenye hajui desturi yetu: mama mukwe na mukwe habaonanaka ovyo. Habakaliane karibu, habakule pamoja, habatazamane mu macho. Ni heshima. Siku moja mimi na yeye tulikutana gafula kwa bomba ya maji. Mimi nikaingia mu mihogo ya batu, yeye akaingia mu maharage ya batu, ndoo zetu zikabaki pale zinasalimiana.

Sasa vile nimesikia kicheko, sikuweza kunyamaza. Nikaendelea. Nikasema huyu bibi yangu, nikisinzia kidogo tu, atauza nguruwe mbele nianze kukoroma. Lakini mama mukwe hawezi kunikaribia, na mutu mwenye hawezi kukukaribia atakusumbua vipi? Mwanaume moja alianguka kwa benchi. Avoka akaniuliza kama ni mchezo. Nikajibu hapana, ju kama ningesema ni mchezo, kicheko kingeisha.

Avoka na batu yake bakaenda kumuuliza mama mukwe nyumbani kwake. Alijibia nyuma ya mulango, ya kwamba kama mukwe wake amemuheshimu vile, hawezi kukataa. Akatoa kidole kwa upenyo, bakakipaka wino, kikarudi ndani.

Mama Neema hakucheka. Alikunja kitenge yake pole pole, akaenda nyumbani. Ile jioni bugali ilikuwa ngumu, ungeweza kuijengea choo.

Mimi nikatia karatasi yangu mu sashe ya plastiki, mu mufuko ya shati, nikawa natembea nayo. Kila fasi nikifika, natoa, naonyesha, batu banacheka tena. Nililamba ile kicheko mpaka musimu ya mahindi ikapita.

Kisha asubuhi moja, kuku akakataa kurudi mu nyumba.

Ngiri ilitoka, nikasukuma, ikakataa. Nikasukuma tena, ikawa ngumu sawa jiwe. Nikatapika vitu nilikula tangu Kongo. Kliniki ya Base Camp ikanitazama mara moja tu, ikaita gari: huyu ni wa Mbarara, wa kupasuliwa leo leo. Mama mukwe naye akapanda, ju jina yake iko mu karatasi. Alikaa mbele na dereva, shingo imenyooka. Mimi nilikuwa nyuma na Mama Neema na ndoo ya kutapikia. Kila jiwe ya barabara niliisalimia kwa jina.

Tulifika hospitali moja ya Mbarara, sitaitaja, haina kosa. Kitanda ya pembeni yangu ilikuwa na askari, afande wa kambi ya jeshi, alivunjika mukono akicheza mupira. Munganga alikuwa anasema Kinyankore na Kizungu tu, basi afande njo akawa mukalimani wetu. Kiswahili yake ilikuwa ya kambi, inatembea na buti.

Sasa musikie vile nilijichimbia shimo ya pili. Mimi nikiogopa, mudomo yangu inakimbia mbele. Na ile siku niliogopa, bandugu. Niliona kisu kabla haijatoka mu kabati.

Munganga alikuja na maswali yake ya kupima kama niko na akili. Afande akageuza kwa Kiswahili, “Mzee, jina yako nani?”

Nikasema, “Mimi ni ng'ombe ya Banyankore, ile ya pembe ndefu. Munipeleke kunywa maji.”

“Hapa iko wapi?”

“Kwa harusi yangu.”

“Na huyu mama?”

Alikuwa ananionyesha Mama Neema, na ndoo yake mukononi. Nikasema, “Simujue. Lakini ni muzuri, munitafutie baba yake.”

Nilingoja kicheko. Hakuna mutu alicheka. Munganga aligusa paji ya uso yangu, iko moto, akaandika. Afande akageuza: daktari anasema sumu ya tumbo imepanda kichwa, mzee hana akili ya kukubali kupasuliwa, mwenye anaweza kusaini ju yake ni nani?

Nikashituka. Nikasema ninayo akili, yote, nilikuwa nachekesha tu! Afande akanihurumia na macho. “Mzee, ile kichaa inakaa kwa geti ya hospitali pia inasemaka hivyo.”

Munganga akamugeukia bibi yangu, akamuuliza kama siku zingine nasemaka vile, ama ni homa imeleta. Bandugu, pale maisha yangu ilikuwa imekaa juu ya ulimi ya Mama Neema. Angesema tu, huyu ni muchekeshaji, muulize tena. Alinitazama. Akasema kweli yake.

“Anasemaka vile kila siku.”

Munganga akaandika tena, murefu zaidi.

Sasa ikabaki karatasi. Mimi mwenyewe njo niliitoa mu mufuko, nafikiri itaniokoa. Munganga akasoma, akarudia kusoma, akamuita afande aone. Afande aliuliza huyu mwenye ameandikwa ni dada yangu ama nani. Nikasema ni mama mukwe. Akacheka mpaka mukono wake uliovunjika ukamuuma, akamwambia munganga kitu, na munganga akatingisha kichwa. Nikajua ya kwamba kama kulikuwa na akili kidogo banafikiri imebaki kwangu, imetoka.

Mama mukwe alikuwa amekaa inje kwa baraza, mugongo kwa dirisha. Bakamuita aingie. Akakataa. Akasema kwa adabu ya kwamba mukwe wake amelala, amefunuliwa, na ugonjwa wenyewe uko fasi mbaya. Balete wino inje, yeye atapiga kidole kule kule. Munganga naye akakataa. Hataki kidole ya kipofu. Mwenye kusaini lazima amuone mugonjwa, asikie mbele yake kitu gani itakatwa.

Mama Neema akawa anatoka anaingia, anabeba maneno: mama amekataa, munganga amekataa. Na mimi pale katikati ngiri inanikamua. Nililia, ba dereva ya barabara kubwa ya Ruti bakaegesha magari kando bakifikiri lori ya Kabale imekosa breki. Afande aliacha kucheka. Akasema kwa sauti ya chini, daktari anasema utumbo iko inakufa, ikikufa yote, hapana pasuliwa tena, ni kuzika.

Ile neno Mama Neema aliibeba inje. Sikusikia vile alimwambia mama yake. Nilisikia tu viatu vinakuja.

Mama mukwe aliingia kinyumanyuma. Kitenge imefunika kichwa yote, Mama Neema anamushika kiwiko anamuongoza. Aligonga ile chuma ya kutundikia serum, ile maji ya dawa, akaiomba samahani. Bibi ya afande, mwenye alikuwa anamuuguza, alikuja mbio na shuka yao akanifunika mpaka kidevu. Afande akasimama wima sawa jenerali anapita.

Alifika kwa kitanda, mugongo kwangu. Na akasema na mimi, yeye mwenyewe, bila mutu katikati. Tangu nilete mahari ya mutoto wake hakuwahi.

“Baba Neema, kidole yangu iko tayari. Lakini kwanza uniambie. Mutoto wangu alikukosea nini?”

Mudomo yangu ikafunguka. Mchezo ulikuwa umekwisha kufika kwa meno, wallahi, na ulikuwa muzuri. Kisha nikaona mukono ya Mama Neema. Ilikuwa ingali imeshika ndoo. Tangu asubuhi ilikuwa haijaiweka chini.

Nikaumeza.

“Hakunikosea kitu, mama,” nikasema. “Batu balicheka, nikasikia utamu. Njo nikamuuza bibi yangu ju ya kicheko.”

Afande alimugeuzia munganga, na hakuongeza kitu. Munganga akasogea, akauliza tena maswali yake ya kwanza. Jina yangu nikasema, ile niliyopewa na baba. Hapa ni wapi, nikasema hospitali, Mbarara. Na huyu mama mwenye ndoo?

“Ni bibi yangu. Njo alipaswa kuwa mu ile karatasi.”

Munganga alifunga kalamu yake. Afande akasema, “Mzee, akili imerudi. Piga kidole mwenyewe.”

Mama mukwe, chini ya kitenge yake, akauliza kama basi yeye ameingia bure. Akatoka, na safari hii hakutembea kinyumanyuma, alikimbia.

Nilipasuliwa, nikaamka. Bakakata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa. Munganga alisema kama kidole ingekuja tu vile tulifika, hakuna kipande ingekatwa. Leo nikikula maharage, tumbo inanikumbusha.

Na haikuisha. Mama mukwe aliona haya, akakataa hata kupita barabara ya kwetu. Ba shemeji bakakaa kikao, bakasema ile heshima imevunjika, lazima ioshwe. Bakauliza niko na nini ya kuoshea. Mulikwisha kujua niko na nini. Nguruwe yangu alienda anakohoa njia yote, na Mama Neema njo alimushika kamba.

Kwa hiyo munisikilize, nyinyi bote munasema karatasi hii ni ya bazee na ya matajiri. Andikeni. Andikeni wakati akili ingali, na musiandike mbele ya batu benye banacheka. Utazame mwenye alibeba sufuria siku ulibeba redio. Umuulize kama anakubali, umwambie unataka nini, ajue mbele siku ifike. Na munganga akikuuliza jina yako, ndugu yangu, sema jina yako!

Mimi nilirudi kwa avoka, tukavunja ile ya zamani, tukafanya mupya. Nilimuandika Mama Neema. Nilitamka jina yake yote, ya baba na ya ubatizo, na hakuna mutu alicheka, hata mimi. Avoka akafurahi, akamugeukia, akamwambia, na wewe mama, ni vizuri na yako tuifanye leo. Siku akili yako italala, unataka nani aseme ju yako?

Mimi nikanyoosha shati yangu. Nikasafisha koo ya kusema nimekubali.

Mama Neema alinitazama tangu juu mpaka chini, akamwambia avoka:

“Siku akili yangu italala, pengine nitamuchagua huyu. Leo ingali macho.”