Watu Mia Tano wa Pipraundi

Mwalimu Lakhanlal alipofika nyumba ya mwisho, magoti yalikuwa yamekwisha kumkatalia. Hii ilikuwa mara ya tatu maishani mwake kukabidhiwa daftari la serikali awahesabu watu wa Pipraundi, na mara zote mbili zilizotangulia hesabu haikutimia. Si kwamba watu hawazaliwi. Kila baada ya sikukuu ya Diwali nusu ya vijana huondoka kwenda kwenye matanuri ya matofali, kwa kuwa kijijini hakuna kazi. Kazi haiji kwa kuwa hakuna barabara. Barabara nayo haijengwi kwa kuwa kanuni inadai watu mia tano, nao hawatimii kwa kuwa vijana wameondoka. Mwalimu alikuwa amelieleza jambo hilo ofisini mara nyingi, hata akachoka kuisikia sauti yake mwenyewe.

Kutoka kijijini hadi kituo cha basi ni kilomita nane za udongo mweusi. Mvua zikinyesha, mgonjwa hubebwa juu ya kitanda cha kamba na wanaume wanne. Mjukuu wa kwanza wa Phulmati, mwenye nyumba hii ya mwisho, alikatia roho kwenye kitanda hicho, nusu ya njia.

Daftari lilikuwa na watu mia nne tisini na wanne, na lilitakiwa kufika ofisini siku hiyohiyo.

"Karibu, shemeji," alisema Phulmati mlangoni. "Mbona umekonda? Serikali inakulisha karatasi?"

"Inanilisha vumbi, shemeji," alisema Mwalimu, akaketi akiegemea ukuta. "Mko wangapi?"

"Wanne. Mimi, mzee wangu, ambaye hata ukimhesabu nusu sitalalamika, mwanangu na mkewe."

Mia nne tisini na wanane. Nyuma ya pazia mtoto akalia, mwingine akamjibu.

"Na hao?"

"Paka."

"Shemeji!"

Uso wa Phulmati ukabadilika. Pacha wale walikuwa na siku nne tu. Kabla ya siku ya sita, mtoto mchanga wa Pipraundi hatajwi, hasifiwi wala hahesabiwi. Ni mgeni ambaye bado hajaamua kukaa.

"Yule wa kwanza," alisema kwa sauti ya chini, "nesi alimwandika siku ya tatu. Yaliyofuata unayajua."

"Kilichomuua ni njia."

"Wewe umesoma, lazima useme njia. Njoo keshokutwa, nitakupa wote wawili na vitamutamu juu yake."

"Keshokutwa daftari litakuwa limefungwa kwa miaka kumi. Sihitaji majina, nahitaji idadi tu."

"Hiyo idadi ndiyo inayowaita watu watazame kwa jicho la husuda."

Mwalimu alifunika kalamu. Angeweza kuandika bila ridhaa yake, kwani alikuwa amewasikia kwa masikio yake mwenyewe. Lakini alikuwa amekula katika nyumba ile miaka arobaini, na mkono ulikataa. Akainuka, akaufuta mgongo wake vumbi la ukuta.

"Baba mkwe."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Rajkunwar, mke wa mwana, hakuwa amewahi kutamka neno mbele ya Mwalimu tangu aolewe, miaka sita sasa, kama ilivyo desturi ya mke mbele ya wazee wa mumewe.

"Andika. Wawili, wa kike. Mimi ndiye niliyeishika miguu ya yule wa kwanza kule njiani, ikipoa mikononi mwangu."

Phulmati alijipiga kofi kwenye paji la uso, lakini hakumkemea mkaza mwanawe. Aliketi kizingitini, akageukia upande wa shamba.

"Andika upesi, basi," alisema. "Na usisome kwa sauti."

Mwalimu aliandika, kisha akazikanyaga kilomita zake nane. Kituoni Bhagirath, muuza chai, alimmiminia kikombe kabla hajaomba.

"Ehe, Mwalimu, safari hii tumefika wangapi? Lami tunaipata au ndiyo tumekwisha?"

Mwalimu Lakhanlal, aliyewafundisha watoto kwa miaka thelathini kwamba jicho la mtu halimuui mtu, alilipakata daftari na kulifunika kwa viganja vyote viwili.

"Niulize keshokutwa," alisema.