Saa Moja na Nusu Kutoka Budapest Hadi Roma

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, miaka yangu sitini na kitu, shule niliishia darasa la pili. Naishi upande wa Ushirombo ila nimezaliwa Kishapu. Pole zenu sizitaki, nataka jibu.

Watoto wangu wawili walifika Ulaya. Binti alikuwa sista, akapelekwa Roma kusomea uuguzi. Kaka yake, nimwite Masanja, alipelekwa Budapest kusomea miamba, aje atafute dhahabu huku kwetu. Mwaka juzi binti akaugua, akafa. Masista wenzake wakampigia kaka mtu simu, wakamngoja siku tatu. Hakutokea. Wakazika. Mimi mama yake akaniandikia, "Mayu, Ulaya ni kubwa. Roma ni mbali mno."

Nikaamini, mjinga mimi. Nikamlilia na yeye.

Mwezi uliopita nikamuuliza padre wa misheni, "Baba, kutoka Budapest hadi Roma mtu analala njiani mara ngapi?"

Akacheka. "Halali, Mama. Ni kama kilomita mia nane. Kwa ndege ni saa moja na nusu, ikizidi sana mbili."

Nilirudi nyumbani nikainjika maharage makusudi, saa ya mume wangu mkononi. Saa moja na nusu ikapita. Maharage bado magumu!

Sasa nisikilizeni. Dada yangu alipofariki Kishapu ilikuwa masika, lori likakwama Kahama. Nilitembea siku nne, matope hadi magotini. Nikakuta wameshazika. Nikaokota udongo, nikautupa juu ya kaburi, ndipo matanga yakaondolewa. Kwetu ndugu wa tumbo moja asipotupa udongo, msiba hauishi. Na mgongoni siku hizo zote nne nilimbeba nani? Masanja huyo huyo, ananyonya.

Ameandika tena. Anarudi na shahada yake, na anabadilisha ndege Roma hapo hapo, atangoja saa sita. Nikamjibu, "Saa sita zinatosha. Toka uwanjani, nenda kwa dada yako, tupa udongo. Usipokwenda, mlango wangu usiubishe."

Akajibu, "Mayu, hawaruhusu mtu kutoka bila kibali."

Mume wangu ameshachagua dume la kuchinja. Ananiambia, "Mama Masanja, nchi za watu zina sheria. Utampoteza na wa pili."

"Kibali kinaombwa, Baba Masanja. Ameomba?"

"Hajasema."

"Basi dume lirudi zizini."

Siku mbili sasa hatusemezani. Majirani nao wananipitia mmoja mmoja. "Bibi, samehe, mwanao msomi." Msomi! Amesoma hadi mawe, kaburi la dada yake limemshinda?

Nampenda, msidhani simpendi. Shuka lake nimelifua mara mbili. Lakini matanga ya binti yangu yako wazi mwaka wa pili, na wa kuyafunga ni yeye peke yake.

Anafika mwisho wa mwezi. Haya, nyie mnaojua kushauri watu: akija bila kupita kaburini, nimfungulie au nimwache nje na shahada yake? Semeni mtakalo. Ila asiniambie mtu kwamba Ulaya ni mbali. Nimeshaipima kwa maharage.