Siku ya Arobaini na Moja

Nilipokuwa darasa la tatu, baba yangu mdogo alikuwa na pepo wa gongo. Ndivyo tulivyosema nyumbani kwetu Kariakoo, na sikumbuki mtu aliyecheka. Hatukusema kwamba Idi ni mlevi. Tulisema kuna kitu kinakunywa kwa mdomo wake.

Alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani, mbele ya nyumba yetu ya vyumba sita, na asubuhi mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa fundi yeyote mtaani. Lakini ikifika saa kumi alianza kuhangaika. Alikanyaga cherehani bila kitambaa. Aliinuka, akaenda hadi uani, akarudi, akasimama mlangoni akitazama uchochoro ambako gongo iliuzwa kwa siri katika chupa za soda. Mkewe, mama mdogo Zaituni, alikuwa amekwisha kumchukua mtoto wao na kurudi kwao Magomeni. Alisema angerudi siku mumewe atakapoachwa na hicho kinachomnywesha.

Bibi, mama yake Idi, akaleta mganga. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyeacha viatu mlangoni na kuomba maji ya kunywa kama mgeni yeyote. Alifukiza ubani, akamfunika Ba'mdogo shuka jeupe, akazungumza na pepo kwa adabu.

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Nina kiu," sauti ikajibu chini ya shuka.

Nilikuwa nimejibana nyuma ya mlango. Ilikuwa sauti ya Ba'mdogo, ila imechoka kuliko nilivyowahi kuisikia.

Mganga hakumtukana pepo wala kumfukuza. Alimwambia Bibi kwamba kwa siku arobaini Ba'mdogo asiachwe peke yake tangu Alasiri hadi Magharibi, maana hiyo ndiyo saa ya kiu ya pepo. Apewe kahawa chungu. Asiitwe mlevi. Na anayekaa naye asimwulize chochote.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Alitetemeka, akatoka jasho, akatapika. Bibi alisema pepo anafungasha mizigo. Leo najua kwamba mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kumuua mtu, na kwamba tulipaswa kumpeleka hospitali. Hatukujua. Tulibahatika tu.

Tulipokezana. Bibi alikaa, mama alikaa, na mpangaji wetu Mama Tekla, Mkristo wa Masasi, alikaa hata siku ambazo ilimpasa awe kwenye foleni ya sukari.

"Pepo wa kwetu hunywa uraka wa mabibo wakalala," alimwambia Ba'mdogo. "Huyu wako anataka gongo tu. Anajiona mkubwa."

"Muulize mwenyewe, Mama Tekla."

"Nimuulizeje, na nimekatazwa kuuliza?"

Ba'mdogo akacheka, kahawa ikamwagikia kwenye shati la mteja.

Zamu yangu ilikuwa siku mbili kwa wiki, baada ya shule. Nilimtungia uzi kwenye sindano, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado unatetemeka, kisha tukanyamaza. Kukaa kimya na mtu mzima asiyetulia ni kazi ngumu kwa mtoto. Nilisikia wenzangu wakicheza rede, na miguu yangu ikiwasha.

Siku ya arobaini Bibi alipika pilau. Kwetu mzazi hutoka ndani siku ya arobaini, na marehemu husomewa hitima siku ya arobaini. Nani angedhani kwamba pepo ana hesabu nyingine? Mama mdogo Zaituni alirudi na mtoto mgongoni. Mganga alipewa doti ya kanga. Mama Tekla, akikwangua ukoko wa sufuria, alikiri kwamba Waislamu wanajua kumaliza mambo.

Kesho yake ingekuwa zamu yangu, kama zamu zingeendelea. Nilitoka shule, nikatupa madaftari, nikachukua mpira wangu wa soksi. Ba'mdogo alikuwa barazani. Cherehani ilikuwa inakwenda, haina kitambaa.

"Leo hukai?" akaniuliza.

"Arobaini imeisha, Ba'mdogo."

"Ahaa," akasema. "Kweli. Nenda kacheze."

Nikaenda kucheza. Magharibi walimkuta uchochoroni, amelala ubavu, kiatu kimoja hakipo.

Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu sikumwambia mtu kwamba aliniuliza kama nitakaa. Bibi aliona ametapeliwa, akaenda kwa mganga amejifunga kanga kiunoni tayari kwa ugomvi. Alirudi kanga ameitupia begani. Mganga alikuwa amemwuliza jambo moja tu: siku ile alikaa naye nani?

Mama mdogo alikuwa ameshafunga tena nguo zake. Alisimama ukumbini na kikapu, mtoto analia, sote tukingoja apite. Badala yake alikiweka kikapu chini akaenda kuwasha jiko la kahawa. Ba'mdogo akatoka chumbani, uso umevimba, bila kumtazama mtu.

"Safari hii msihesabu," alisema.

Hatukuhesabu. Alianguka mara mbili zaidi nikiwa bado pale nyumbani, moja ikachukua wiki nzima, na kila alipoinuka kulikuwa na mtu barazani saa kumi, bila hotuba.

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu ulevi, na nimekaa katika vyumba ambamo watu wanaojaribu kuacha husimuliana siku zao. Wataalamu wanasema ni ugonjwa, nami nawaamini. Lakini simcheki Bibi. Pepo alimwezesha kuichukia gongo bila kumchukia mwanawe. Tulipokosea ni kuiwekea kiu tarehe ya mwisho.

Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilimwambia Ba'mdogo kwamba siku ile ilikuwa zamu yangu.

"Najua," alisema. "Ningekuomba ukae, ungekaa. Sikukuomba."

Jibu hilo lilinitua mzigo mmoja, likanipa mwingine wa kufikiria. Kumbe katika siku zile arobaini sisi tulijifunza kukaa, naye hakuwa bado amejifunza kuomba. Hilo lilimchukua miaka. Mwishoni mwa maisha yake alimwomba hata mpita njia, jua likianza kushuka, "Kaa kidogo." Watu wa mtaani walidhani ni uzee tu.