Hodi Kwenye Mlango wa Tatu

Choo cha umma kilikuwa katikati ya mji, nyuma ya benki, na mwenye funguo zake alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili ambaye watu wote walimwita Dada Funguo. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja pale. Alijua nani tumbo lake bovu, nani anaingia kulia tu, na karani yupi wa benki hanawi mikono. Karani huyohuyo ndiye aliyelalamika kuliko wote kuhusu uchafu wa mateja.

Tuseme ukweli, malalamiko yalikuwa na msingi. Mateja walikuwa wameliteka eneo lile. Walijidunga kwenye ngazi za benki mchana kweupe, wakakojoa kwenye milango ya maduka, wakapora mikoba ya akina mama, na sindano zao wakazitupa kwenye vyungu vya maua vya manispaa, ambavyo havikuwahi kuona ua tangu vinunuliwe. Muuza viatu wa ng'ambo ya barabara alichomwa kidole akifagia kizingiti chake. Dada Funguo hakuwaogopa. Aliwafokea kama watoto, nao wakamheshimu, maana ndiye pekee aliyewahi kuwauliza kama wamekula.

Mmoja wao alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Zamani alikuwa fundi redio wa kutegemewa. Sasa mikono ilijaa vidonda, na redio ya mama yao aliiuza yeye mwenyewe. Kazini Dada Funguo hakumwambia mtu kuwa yule ni nduguye. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimuuma kuliko ule wizi.

Miaka miwili nyuma mtu alikufia chooni mle, akakaa tangu asubuhi hadi saa ya kufunga bila mtu kujua. Tangu hapo Dada Funguo alijiwekea utaratibu. Kila baada ya dakika kumi alipita na mpini wa ufagio, akigonga mlango mmoja mmoja na kuita hodi. Aliye ndani alitakiwa kujibu, "Nipo." Asiyejibu alifunguliwa kwa ufunguo wa nje. Wanne waliokolewa kwa mtindo huo, na mmoja wao alimtukana kwa kumharibia starehe.

Kisha msimamizi wa usafi naye akatia mkono wake. Aliamuru kila atakayekutwa amelewa unga chooni akabidhiwe kwa askari wa manispaa papo hapo. Mateja si wajinga. Wakaanza kuitikiana: aliyezimika, jirani wa mlango wa pili anamjibia. Dada Funguo aliligundua hilo wiki ya kwanza tu. Akawagombeza, wakaapa wataacha, hawakuacha.

Wakati huo mdogo wake alikuwa amepata kitanda kwenye kituo cha tiba, baada ya miezi mitano ya kusubiri. Alitakiwa kuingia Jumatatu. Akikamatwa kabla, kitanda kingekwenda kwa mwingine. Mama yao, ambaye miguu ilikuwa imeshamlaza, alimshika Dada Funguo mkono.

"Nifikishie mwanangu Jumatatu," alisema. "Mengine sikuombi."

Ijumaa saa tano asubuhi mdogo wake akaja akitetemeka, pua inamtiririka. Akasema anakwenda haja tu. Wote wawili walijua ni uongo.

"Ni mara ya mwisho, Da'Mkubwa," alisema, akaingia mlango wa tatu. Mlango wa pili alikuwamo rafiki yake, teja aliyeitwa Msomi kwa sababu hakuachana na gazeti lake kuukuu.

Dakika kumi hazijaisha, msimamizi akaingia na askari, daftari mkononi, kukagua. Akamwambia Dada Funguo agonge, ili auone huo utaratibu unaosifiwa. Mlango wa kwanza mzee mmoja akajibu kwa hasira. Wa pili, "Nipo." Wa tatu kimya kidogo, kisha, "Nipo, dada."

Sauti ilikuwa ya Msomi. Tena mdogo wake hakuwahi kumwita hivyo tangu aanze kusema. Siku zote alikuwa Da'Mkubwa. Funguo alikuwa nazo mkononi. Akifungua, askari anamchukua, na Jumatatu imekwisha palepale. Akajitia hamnazo.

"Wote wapo, bosi," alisema, na moyoni akamshukuru Msomi kwa werevu wake.

Msimamizi hakuwa na haraka. Alikagua masinki, akaulizia sabuni, akaeleza kwa kirefu jinsi mji unavyoharibiwa na watu wasio na haya. Dada Funguo akaitikia ndiyo bosi, ndiyo bosi, macho yake yakiwa chini ya mlango wa tatu, palipoonekana kiatu kimelala ubavu. Alijiambia kuwa huyu tangu utotoni hajui kukaa vizuri. Robo saa ikapita.

Walipotoka tu, akafungua. Alimlaza sakafuni, akampiga makofi, akamwita kwa jina lake la utotoni, akampulizia hewa kinywani mpaka yeye mwenyewe akaona kizunguzungu. Msomi alisimama pembeni analia, akisema alidhani amelala tu, alitaka asikamatwe. Gari la wagonjwa lilipofika halikukuta mgonjwa.

Nyumbani mama yake hakupiga kelele. Aliuliza:

"Ulimgongea?"

"Nilimgongea, mama."

"Akakuitikia?"

Dada Funguo alitazama ile miguu ya mama yake chini ya shuka.

"Aliitika," akasema.

Mama akashusha pumzi. Alisema basi mwanawe hakufa peke yake, alikufa akijua dada yake yuko mlangoni, na kwa hilo alimshukuru Mungu. Kisha akaomba aambiwe alivyoitika, neno kwa neno, na sauti yake ilikuwaje. Dada Funguo akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumsimulia mama yake sauti ya Msomi.