Ukurasa Uliorudi

Mpiga taipu mkongwe wa ofisi alikaa mbele ya kompyuta mpakato kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu. Vidole vyake, vilivyokomaa kwa miaka ya kugonga chuma, vilishuka kwa kishindo hadi meza ikatetemeka. "Polepole, mama, haigombi," alisema binti wa mapokezi aliyekuwa akimfundisha. Mama aliitikia vizuri, akaendelea kutwanga. Kila alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto uliruka wenyewe kuusukuma mkono wa taipureta wa kuanzisha mstari mpya, ukapiga hewa. Aliurudisha mapajani kwa aibu, na mwisho wa mstari uliofuata ukaruka tena.

Alikuwa ameshajaza ukurasa mzima alipogusa pasipostahili, na maandishi yote yakatoweka. Kioo kikabaki cheupe pe. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Mungu wangu, nimeiua kazi ya watu!" Jasho likamtoka. Binti akabonyeza vitufe viwili tu, na ukurasa ukarudi kama ulivyokuwa. Mama wa watu akainamia kioo. "Wote?" "Wote, mama." Akaomba aonyeshwe njia, kisha akaufuta mwenyewe kwa makusudi, akaurudisha, akaufuta tena, akaurudisha tena. Binti alianza kucheka, akanyamaza alipoona machozi yakimlengalenga yule mama. "Mwenzangu alifukuzwa kazi," alisema kwa sauti ndogo, macho hayabanduki kwenye kioo, "kwa kuharibu ukurasa mmoja. Meza yake ilikuwa hapo uliposimama."