Mbeba Bendera wa Ruvelles

Kwa miaka ishirini na miwili, kila mara kijiji cha Ruvelles, huko Ufaransa, kilipomzika askari wake wa zamani, aliyebeba bendera alikuwa Casimir Nowik. Alisimama kando ya kaburi, akaiinamisha bendera mpaka ncha ya kitambaa ikaribie ardhi bila kuigusa. Ukidhani ni kazi nyepesi, ijaribu kwa mikono iliyochimba makaa ya mawe miaka thelathini, mvua ya Novemba ikikupiga usoni.

Mambo yaliharibika mwaka 1997, kitambulisho chake kilipokwisha muda. Alikwenda ofisi ya wilaya na picha mbili na cheti cha kuzaliwa. Karani, msichana mwenye mafua, akakisoma.

"Wazazi wako wamezaliwa Poland, baba. Nahitaji uthibitisho kwamba wewe ni Mfaransa."

"Binti, nimezaliwa hapahapa, nyuma ya mgodi namba nne. Na hicho kitambulisho cha zamani si mlinipa nyinyi wenyewe?"

"Kimeisha."

"Nimeipigania Ufaransa kule Algeria miezi ishirini na saba!"

"Hata wageni wamepigana, baba. Lete cheti cha uraia kutoka mahakamani." Akapenga kamasi, akaita mwingine.

Hakuwa na ubaya, alifuata alichoandikiwa. Lakini Casimir alisimama kwenye ngazi za ofisi hadi basi likamwacha, mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, anaona haya kama aliyekamatwa akiiba kuku.

Hakumwambia mtu ila mkewe, Yvette. Yvette akamwambia meya, na meya, Mungu ambariki, hajawahi kufunga mdomo. Kufika Jumapili hata muuza mikate alikuwa na pole yake ya kutoa. Casimir alizipokea zote, na kila moja ilimchoma.

Rafiki yake Aimé Delforge alikuwa kitandani wakati huo, vumbi la makaa limemmaliza mapafu, mrija wa hewa puani. Walichimba pamoja na kupelekwa vitani pamoja.

"Karibu, Mpolandi," alisema Aimé. Ndivyo alivyomwita miaka arobaini, na siku zote walicheka. "Nasikia hatimaye wamekugundua!"

Casimir hakucheka.

"Wee, usininunie. Babu yangu mimi alivuka kutoka Ubelgiji na toroli na mbuzi mmoja. Kuna aliyeniuliza?" Alikohoa mpaka macho yakamtoka. "Sikiliza. Siku ya kunizika, bendera unabeba wewe. Sitaki mwingine."

"Karatasi ikija, nitabeba."

"Na nikiitangulia karatasi?"

"Nitabebaje bendera ya watu, Aimé, nami sijulikani ni wa nani?"

Aimé akageukia ukutani. Mgongo ule ulimuumiza Casimir kuliko mahakama yote.

Mahakama nayo haikuwa na haraka. Ilitaka cheti cha ndoa ya wazazi, kisha tafsiri yake, kisha barua kutoka shule aliyosoma, shule iliyobomolewa zamani. Aimé alifariki Jumanne, na karatasi haijafika.

Asubuhi ya mazishi Yvette alimpigia koti lake pasi, akalitandika kitandani.

"Aimé hakukuomba karatasi," alisema.

Casimir alivaa, akaenda. Kaburini aliiinamisha bendera chini mno, na kwa mara ya kwanza kitambaa kikagusa tope. "Nisamehe, ndugu yangu," alinong'ona. Hakuna aliyemkemea, hakuna aliyemuuliza lolote. Alilia waziwazi, na katikati ya kilio chake alihisi moyo umetulia: hawa ni watu wake, na yeye ni wao.

Baada ya mazishi wote waliingia mkahawani, wakanywa kahawa. Meya Régis Bracq, mtu mwema mwenye sauti kubwa, alipanda juu ya kiti na bahasha mkononi. Alikuwa ameifuata mwenyewe mahakamani asubuhi hiyo.

"Jamani! Siku ni ya huzuni, lakini nina habari njema. Casimir wetu sasa ni Mfaransa!"

Watu walisimama wakapiga makofi. Muuza mikate akambusu mashavu yote mawili. "Hongera, Casimir!" mtu akapaza sauti. "Karibu nyumbani!"

Casimir aliwatazama mmoja mmoja. Kulikuwa na waliosoma naye. Kulikuwa na wawili aliowafukua kwa mikono yake mgodi ulipoporomoka. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu kupiga makofi. Kumbe na wao walikuwa wakisubiri, sawa na yule karani.

Aliipokea bahasha, akashukuru, maana alilelewa vizuri. Akaisoma polepole.

"Tafuteni mwingine wa kubeba bendera," alisema.

"Lakini Casimir, cheti si hicho umekishika!" alisema meya.

"Kina tarehe ya leo," alisema Casimir. "Vitani nilikwenda nikiwa nani?"

 Akamshika Yvette mkono, wakatoka.